Maneno ya Mkekani

Njisi ni kata ya mpakani. Ukivuka daraja la mto Songwe umekwisha kuingia Malawi, na vijana wa upande ule wa Karonga wanasema Kingonde, ambacho sisi Wanyakyusa tunakielewa bila mkalimani. Kwa hiyo kwetu suala la maneno si la wasomi peke yao. Dereva wa lori, mama muuza mchele, kijana mbeba mizigo, kila mmoja hubadili lugha mara tatu au nne kabla ya jua la mchana, na kila mmoja anajua kwamba neno likienda kombo mzigo unapotea. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asishangae kwa nini mtu wa Kyela anakaa kuandika juu ya maneno ya Kijapani ya mchezo wa judo. Tena si judo yote, bali sehemu yake moja ndogo, yaani yale mazoezi ya wawili wawili yanayofanywa chini, mkekani.

Nayaandika kwa sababu maneno hayo yaliniumiza kiwiko, na baadaye yakanipotezea mwanafunzi bora kuliko wote niliopata kuwafundisha.

Judo haikuzaliwa kwetu. Aliyeiasisi ni Kano Jigoro, mwalimu wa shule, ambaye mwaka 1882 alifungua chuo chake cha Kodokan mjini Tokyo. Hapa Tanzania mchezo huu umejulikana zaidi Zanzibar, ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia visiwani mwaka 1987, alianza kuwafundisha vijana katika miaka ya 1990. Huku kwetu kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa haukuwa na sifa yoyote. Mimi niliupata nikiwa kijana wa chuo, katika mji ulio mbali na nyumbani, kutoka kwa mwalimu kijana wa Kijapani ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha miezi michache na Kiingereza chake kilikuwa kama changu. Alikuwa mtu mpole na mwenye subira. Yale nitakayoyaeleza hayamhusu yeye. Yanahusu maneno aliyotupa, ambayo naye alikuwa amepewa.

Judo ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya kusimama: kushikana nguo, kumvuta mwenzako akapoteza mizani, kumwangusha. Nusu ya pili Wajapani huiita *ne-waza*. *Waza* ni ufundi, na *ne* ni kulala. Kwa hiyo ni ufundi wa kulala. Mkishaanguka mchezo haujaisha. Aliye juu anaweza kumbana mwenzake mgongo ukiwa chini, na kwa kanuni za sasa sekunde 20 zinatosha kumpa ushindi, ingawa zamani zilihitajika 30. Anaweza pia kumkaba shingo, au kumnyoosha mkono mpaka kiwiko kiseme basi. Na aliye chini hajafungwa kamba: akiwa hodari wa miguu anaweza kumkaba aliye juu kutoka huko huko chini. Methali yetu ya kwamba aliye juu mngoje chini, katika *ne-waza* si methali tena bali ni maelekezo.

Siku moja mwalimu wetu alitulaza chini wawili wawili, akatuonyesha namna ya kuunyosha mkono wa mwenzako katikati ya mapaja yako, akasema, "*Uchikomi!*" kisha akaanza kuhesabu: *ichi, ni, san*. Neno hilo tulilijua. Tulikuwa tumelifanya kwa wiki nyingi tukiwa wima: unamwingia mwenzako kwa kasi na kwa nguvu zote, unafika mahali pa kumtupa, humtupi, unarudi nyuma, unaingia tena, mara kumi, mara ishirini. Mwalimu alikwisha kutufafanulia kwamba *uchi* ni kupiga na *komi* ni kuingiza ndani. Mwenzangu alikuwa mwanafunzi mtiifu. Alisikia "piga ndani", naye akapiga ndani. Mtu aliyesimama akiingiwa kwa nguvu hutikisika tu, lakini mkono ulionyoshwa juu ya nyonga ya mtu hauna pa kutikisikia. Kiwiko changu kililia kabla yangu. Mpaka leo nikipanda Tukuyu wakati wa baridi, mkono huu wa kushoto haunyoki wote.

Kwa miaka mingi nilidhani lile lilikuwa kosa la rafiki yangu. Sasa naona lilikuwa kosa la neno, na hapa ndipo ninapoanza uhakiki wangu.

*Uchikomi* ni neno la watu waliosimama. Hata kabla ya judo kulichukua lilitumika, na bado linatumika, katika kendo, mchezo wa Wajapani wa panga za mianzi, ambako kupiga ndani ni kupiga kweli. Katika judo ya wima neno linakaa vizuri, kwa kuwa linakueleza ukali wa kuingia. Lakini Wajapani wenyewe, walipotaka jina la yale mazoezi ya kurudia rudia yafanywayo chini, hawakujisumbua kubuni jingine. Walilichukua lile lile la wima wakalilaza chini: *ne-waza* *uchikomi*. Ni kama fundi aliyetengeneza kiti, kisha akakiangusha ubavuni akasema hiki sasa ni kitanda. Mtu aliyezaliwa katika lugha hiyo hadhuriki, maana masikio yake yamezoea kuliondolea neno ukali wake likifika chini. Anayedhurika ni mgeni, aliyefundishwa neno kwa tafsiri yake na akaiamini tafsiri.

Lakini itakuwa dhuluma nikisema kwamba Kijapani ni maskini katika jambo hili. La hasha. Nilipoanza kuyatafuta maneno yao mengine nilikuta ghala lililojaa, ila sisi tulikuwa tumegawiwa gunia moja tu. Wanalo *tandoku*, yaani mazoezi ya mtu peke yake, na *sotai*, mazoezi ya watu wawili wakielekeana. Wanalo *kakari-geiko*, ambapo mmoja hushambulia mfululizo na mwenzake hujilinda bila kurudisha. Wanalo *sute-geiko*, zoezi la kujiachilia, ambapo aliye hodari humwachia mdogo wake amwangushe apendavyo ili mdogo ajifunze. Wanalo *randori*, kushikana ovyo ovyo, yaani mchezo huru usio na mpango. Kwa chini wanazo *hairikata*, njia za kumwingia mtu aliyejikunja, na *nogarekata*, njia za kujinasua ukishabanwa.

Na wanalo moja ambalo laiti ningelisikia siku ile, kiwiko changu kingekuwa kizima: *yakusoku-geiko*. *Geiko* ni mazoezi. *Yakusoku* ni ahadi. Mazoezi ya ahadi. Kabla hatujagusana tumeahidiana: wewe utafanya hili, mimi nitakuachia hili, nguvu itafika hapa na haitapita. Sijaona neno zuri kuliko hilo katika judo nzima. Limeweka wazi kile ambacho *uchikomi* linakificha, nacho ni kwamba zoezi la chini si shambulio bali ni mapatano. Anayekulaza mkono katika mapaja yake ameazimwa mkono huo, hakuuteka.

Nilirudi Njisi nikiwa na kiwiko kibovu na hamu ya kufundisha. Hatukuwa na *tatami*, mikeka minene ya Kijapani. Tulijaza pumba za mpunga katika viroba, tukavipanga chini ya banda, tukavifunika turubai na kulifunga pembeni kwa kamba. Baadaye nilifurahi kujua kwamba hata *tatami* za asili za Japani hushindiliwa ndani kwa majani makavu ya mpunga. Kumbe mtoto wa Kyela, aliyezaliwa katikati ya mashamba ya mpunga, alikuwa karibu na mkeka wa Kodokan kuliko alivyodhani. Lakini masikio yake yalikuwa mbali, na hilo ndilo nililochelewa kulitambua.

Ebu msomaji ajiweke mahali pa kijana wa Njisi siku ya kwanza. Mwalimu anamwambia kwamba hapa tutajifunza *waza*, naye anadhani ameagizwa afikiri. Mwalimu anataja *kata*, naye yuko kata ya Njisi tangu azaliwe, na mwenzake wa pembeni anafikiria kisu. Mwalimu anapaza sauti, "*Mate!*" maana yake simama, ngoja, kijana anatazama chini kuona nani ametema. Katika mashindano mwamuzi husema *sonomama*, yaani mkae hivyo hivyo msijitikise. Vijana wangu walisikia "mama" wakaangua kicheko. *Uchikomi* yenyewe ina "uchi" mwanzoni, na ajabu ni kwamba katika judo liko neno lenye maana ya uchi kweli, *hadaka*, katika jina la kabali inayokabwa kwa mikono mitupu bila kushika kola, lakini hilo halikumchekesha mtu kwa kuwa masikio yalilipita. Moja tu lilitupendelea. Mtu akijinasua katika kubanwa, mwamuzi husema *toketa*, limefunguka. Vijana walisikia "toka", wakaelewa mara moja, na hawakusahau kamwe.

Haya yote ni ya kucheka na kupita. Lililobaki halikuwa la kucheka.

Katika zoezi lolote la wawili Wajapani humwita mtendaji *tori*, kutokana na kushika au kuchukua, na anayetendewa humwita *uke*, kutokana na kupokea. Kwa Kijapani *uke* ni jina la heshima. Asiyejua kupokea hamfundishi mtu. Lakini kwa Kiswahili kila mtu mzima anajua "uke" ni nini, na hakuna anayelitamka hadharani mbele ya mkwewe. Nami nililitamka mbele ya watu kila jioni, mara kumi kwa jioni, kwa kiburi cha mtu aliyejifunza jambo mbali. Wavulana walipocheka niliwakemea. Niliwaambia haya ni maneno ya kitaalamu, asiyeyataka aende akacheze mpira. Nilijiona nalinda heshima ya mchezo.

Alikuwako binti mmoja wa miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, anamsaidia mama yake kuuza mchele pale mpakani. Alikuwa mwepesi na mkimya, na chini mkekani hapakuwa na mvulana wa uzito wake aliyeweza kumbana. Akijikunja umemkosa. Kwa sababu alijua kupokea kuliko wote, mara nyingi nilimwita mbele niwaonyeshe wengine. "Njoo wewe uwe *uke*," nilisema. Banda zima lilikaa kimya, kile kimya cha watu waliobana kicheko mashavuni, naye alikuja akalala akatazama juu ya paa.

Siku moja hakuja. Wiki ikapita. Nilimfuata mama yake kwenye mchele wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akaendelea kupepeta.

"Mama, binti yetu haumwi?"

"Haumwi, mwalimu."

"Mbona simwoni?"

Akauweka ungo chini. "Mwalimu, mimi sikusoma. Lakini mtoto wangu anapita hapa barabarani, vijana wa kwenye malori wanamwita kwa hilo jina lako. Wewe ulimpa jina gani mtoto wa mtu?"

Nilianza kumweleza kwamba ni Kijapani, maana yake mpokeaji, ni cheo cha heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Watu wetu husikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi si ungesema hivyo."

Sikuwa na jibu, na sinalo mpaka leo. Ningeweza kusema hivyo tangu siku ya kwanza. Lugha yangu ilikuwa na neno, tena jema, na sikulitumia kwa sababu halikutoka mbali.

Tangu siku hiyo nilianza kuipekua lugha yangu kama mtu anayetafuta ufunguo alioukalia. Kiswahili hakikosi maneno ya mwereka. Tunapiga mtama, tunapiga ngwara, tunapiga kumbo, tunakata chenga. Lakini angalia, msomaji: karibu yote ni ya wima, na yote yanakoma mtu anapogusa ardhi. Sababu ni dhahiri. Katika mieleka ya watoto wachungaji, aliyeanguka ameshindwa, vumbi la mgongoni ni ushahidi, na mchezo umeisha. Hatukuhitaji maneno ya baada ya kuanguka kwa kuwa hapakuwa na kitu baada ya kuanguka. Yale machache tuliyo nayo, kama kabali na roba, yamechafuliwa na wezi wa usiku. Kwa hiyo nakiri kwamba *ne-waza* imetukuta na pengo la kweli. Ila pengo hilo haliko kwenye ulimi. Ulimi ulikuwa tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuukalisha mkekani na kuuuliza.

Wengine walifanya hivyo kabla yetu. Mjapani Kawaishi Mikinosuke alipofundisha Ufaransa kuanzia miaka ya 1930, aliona wanafunzi wake hawayashiki majina ya Kijapani, akayapa mapigo namba: la kwanza, la pili, la tatu. Yalifundishika haraka, lakini namba haina picha, na baadaye Wafaransa waliyarudia majina ya Kijapani. Kule Brazil mambo yalikwenda njia nyingine. Maeda Mitsuyo, mwanafunzi wa Kodokan, alifika huko mwaka 1914, na wale aliowafundisha pamoja na waliofuata waliyavika mazoezi ya chini nguo za Kireno. Ile *hadaka-jime*, kabali ya mikono mitupu, wao huiita *mata-leão*, muua simba. Kujilinda kwa miguu ukiwa chali wamekuita *guarda*, ulinzi. Ufundi wao wa chini ulikua mpaka ukawa mchezo unaojitegemea, na leo dunia nzima inakwenda kujifunza kwao. Sisemi ulikua kwa sababu ya maneno peke yake. Nasema mtu hawezi kukiongezea kitu ambacho hawezi kukitaja kwa kinywa chake mwenyewe.

Tena ukiyachungua majina ya Kijapani utaona kwamba nao hawakuyatoa mawinguni, waliyaokota uani. Mtu aliyejikunja kifudifudi, viwiko ndani na kichwa ndani, wanamwita *kame*, kobe. Ule mbano maarufu wa ubavuni, ambapo mkono wako mmoja umezunguka shingo ya mwenzako na mwingine umemshika mkono wake chini ya kwapa lako, wanauita *kesa-gatame*, kwa kuwa unakaa mwilini kama *kesa*, vazi la mtawa wa Kibudha linalopita juu ya bega moja na chini ya kwapa la pili. Zoezi la kujikunja na kusukuma nyonga nyuma ili upate nafasi ya kujinasua wanaliita *ebi*, jina la kamba wa baharini anayejikunja na kufyatuka. Mjapani mla kamba akisikia *ebi* mgongo wake unajikunja wenyewe. Lakini mtoto wa Ziwa Nyasa hajapata kumwona kamba wa baharini. Ukimtafsiria "kamba" atakwenda kutafuta ya kufungia mbuzi.

Kwa hiyo tulikaa chini, mimi na vijana, tukayapa majina upya. Kobe hakutupa shida. Kobe ni kobe. *Kesa* hatukumjua mtawa wake, lakini tumemwona Mmasai na shuka lake, tukauita mbano wa lubega. Kwa *ebi*, kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi alitazama wenzake wakifurukuta juu ya turubai, akasema, "Mwalimu, huyu si mbasa aliyetupwa mtumbwini?" Alikuwa sahihi kuliko kamusi. Mbasa wa ziwa letu akitupwa mtumbwini hukunja mgongo akafyatuka, na asiyemshika vizuri humrudisha ziwani. Tangu siku hiyo nikisema "mbasa, kutoka nguzo hii mpaka ile", hakuna anayeuliza.

*Tori* tulimwita mshikaji. Ndiyo maana yake hasa. Na vijana walifurahi kwa kuwa mitaani mshikaji ni rafiki. Waliona wenyewe, bila mimi kuhubiri, kwamba anayekushika katika zoezi ni rafiki yako. Na *uke* tulimwita mpokezi. Kwetu ukimwona mtu anakuja na mzigo kichwani unamwendea unampokea. Mpokezi hajashindwa, amejitwika sehemu ya safari ya mwenzake.

Lililobaki ni lile neno lililoniumiza. *Uchikomi* ya chini tuliiita zamu. Zamu ina mambo mawili ambayo *uchikomi* haina: ina kurudia, na ina ahadi kwamba nami itanifikia. Anayejua kwamba baada ya mara kumi mkono wake ndio utakaolazwa pajani mwa mwenzake hakazi zaidi ya haki. Kisha tukazigawa zamu kwa lile neno zuri la Wajapani, ahadi. Zamu ya ahadi kamili: mpokezi haleti ubishi wowote, mshikaji anajifunza njia. Zamu ya nusu ahadi: mpokezi anabisha, lakini kwa namna moja tu iliyotajwa kabla, kwa mfano kujikunja kimbasa upande wa kulia na si zaidi. Mwisho, bila ahadi, ambayo ni *randori*, kila mtu na lake. Kabla ya kuanza, wawili hutamka kwa sauti ni ipi kati ya hizo tatu. Tangu tulipoanza kutamka hivyo, hakuna kiwiko kilicholia katika banda letu.

Najua nitapingwa, na wanaonipinga wana hoja. Watasema: kijana wako akienda kushindana, atafanya nini na mbasa wako? Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na ya Paris mwaka 2024. Mwamuzi hakumwambia "amebanwa", alimwambia *osaekomi* kama anavyomwambia Mfaransa na Mkorea. Hoja hii naikubali yote. Maneno ya mwamuzi yabaki Kijapani: *hajime, mate, osaekomi, toketa, sonomama, yoshi*. Na *maitta*, nimeshindwa, lazima kila mtu alijue, pamoja na ishara yake ya kupigapiga kwa kiganja, kwa sababu hilo ni neno la kuokoa shingo na lazima lieleweke na mtu wa nchi yoyote. Hata majina rasmi ya mapigo na mibano nawafundisha, wayajue kama mtu anavyojua jina lake la kwenye cheti. Lakini maneno ya mazoezi mwamuzi hayasemi kamwe. Hayo ni ya nyumbani, kati ya mshikaji na mpokezi wake, na ya nyumbani yasemwe kwa lugha ya nyumbani.

Wengine watasema kila banda likijibunia yake, mtu wa Njisi hataelewana na wa Zanzibar, wala wa Zanzibar na wa Nairobi. Ni kweli, kwa muda. Lakini hata mpira wa miguu ulianza hivyo. Hapakuwa na kikao kilichoamuru tuseme "kuotea". Watu walimwona mshambuliaji amejibanza nyuma ya walinzi kama mwindaji, wakasema ameotea, redio ikalibeba, na leo hakuna asiyelielewa. Neno jema hutembea lenyewe. Nasi wa mpakani tumekwisha kuona mfano: vijana wa ng'ambo ya Songwe waliokuja kufanya mazoezi kwetu walirudi kwao na "mbasa" na "zamu", hawakurudi na *uchikomi*.

Wa tatu watasema kuacha Kijapani ni kumvunjia heshima mwasisi. Hapo siwaungi mkono. Kano katika miaka ya 1920 aliufupisha mchezo wake katika mafundisho mawili, na moja lao ni *jita kyoei*, yaani mimi na mwenzangu tustawi pamoja. Nililisoma hilo nikatabasamu, kwa sababu wazee wetu Wanyakyusa wana neno *ukwangala*, ile raha na adabu ya kukaa na wenzako wa rika, kula nao, kuzungumza nao, kujifunza kwao. Monica Wilson, mtaalamu wa mila kutoka Afrika Kusini aliyeishi na watu wetu katika miaka ya 1930, aliliona neno hilo kuwa na uzito wa kutosha kubeba kitabu chake kuhusu vijiji vya marika, kilichotoka mwaka 1951. Mwasisi aliyetaka tustawi pamoja hawezi kuchukia tukielewana. Atakayemvunjia heshima ni yule anayelihifadhi neno lake na kulipoteza lengo lake, kama nilivyofanya mimi kwa jioni nyingi chini ya lile banda.

Yule binti hakurudi. Nilikwenda tena kwao, nikaomba radhi kwa mama yake mbele ya majirani, kwa sababu kosa la hadharani haliombewi radhi chumbani. Mama alinipokea, akanipa maji, akasema yamekwisha. Lakini mtoto alikwisha kushika mambo mengine. Miaka miwili baadaye nilimkuta kituo cha mabasi akiwa na mzigo wa mchele wa kupeleka Mbeya, na mtoto mgongoni. Alinisalimu vizuri. Tulizungumza habari za bei na mvua. Alipokuwa anapanda gari akageuka.

"Mwalimu, siku hizi anayelala chini mnamwitaje?"

"Mpokezi," nikamwambia.

Akalirudia polepole, kama anayeonja chumvi. "Hilo lingenifaa," akasema. Nikampokea gunia lake, nikamtilia ndani ya gari, likaondoka.